Chapa nyeupe kwenye hosi nyeusi: siku ya kwanza inashika, siku ya tatu inafutika kwa kidole

#1 Ekstruda_Mbili

Wakuu wa mpira, heshima kwenu.

Laini ni ya hosi za EPDM (aina ya mpira wa sintetiki) za maji ya rejeta, nyeusi, kipenyo cha nje 32 mm. Zinapikwa kwenye otoklevu (tangi la mvuke wa shinikizo) kwa mvuke wa bar 6, zinavuliwa kitambaa cha nailoni, zinapoa, zinakatwa vipande vya mita 1, kisha vinapita juu ya konveya kwa mwendo wa mita 18 kwa dakika. Juu ya konveya kuna printa ya matone, wino mweupe wa MEK (kiyeyusho kinachokauka haraka). Inachapa jina, ukubwa, kodi (msimbo) ya kompaundi, yaani mchanganyiko wa mpira na kemikali zake, tarehe na shifti.

Shida ni tatu:

1. Chapa inakauka vizuri na ukiisugua palepale haitoki. Siku ya tatu ikiwa stoo, ukipitisha kidole inatoka kama chaki ubaoni. Wino umeshabadilishwa mara mbili, matokeo yaleyale.
2. Vipande kama vitatu kwenye mia vinapita bila chapa kabisa. Vingine herufi zimebanana, vingine zimetanuka.
3. Bechi moja ya usiku inatoka na tarehe mbili, na mteja anakataa mzigo wa namna hiyo.

Kwa mwenye uzoefu, nianzie wapi?

#2 Salfa_na_Kaboni

Mkuu, hilo la kwanza umelijibu mwenyewe bila kujua. Wino usiofaa hung'oka dakika ileile. Wino ulioshika siku ya kwanza ukaachia siku ya tatu umesukumwa kutoka chini, maana mpira wako unatoa unga.

Kila kompaundi ina kiasi chake cha kemikali kinachoweza kuyeyuka ndani ya mpira. Ukiweka zaidi ya hapo, wakati wa kupika kila kitu kinayeyuka kwa sababu ya joto. Hosi ikipoa, ziada inaanza kupanda juu taratibu, siku hata wiki, na kutulia kwenye ngozi kama ukungu mweupe au wa kijivu. Chapa yako imekaa juu ya ngozi hiyo, kwa hiyo unga ukipanda unaibeba. EPDM ndiyo mchoyo kuliko wote hapa: salfa kidogo tu, TMTD (kiharakishi, kemikali ya kuharakisha mpira kuiva) kidogo tu, imeshajaa. NBR (mpira wa nitrili) na mpira wa asili ni wavumilivu zaidi.

Kabla hujanunua wino wa nne, fanya hivi. Chukua vipande 6 vya bechi moja. Kila kimoja kifute nusu yake kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya isopropili, ugeuze kitambaa kila unapofuta, vinginevyo unahamisha uchafu kutoka hosi moja kwenda nyingine. Acha dakika 5 zikauke. Chapa nusu zote mbili. Baada ya saa 24 bandika utepe wa gundi, ukandamize kwa kidole gumba, uung'oe kwa kuukunja nyuma. Rudia siku ya 4 na siku ya 7.

Nusu iliyofutwa ikishika moja kwa moja na isiyofutwa ikang'oka, tatizo ni uchafu wa juu: silikoni, sabuni ya kuzuia kushikana, mafuta ya mandreli (fimbo ya ndani ya kushikilia hosi). Zote zikishika siku ya kwanza kisha zikaachia zote, ni unga wa ndani. Zote zikikataa tangu siku ya kwanza, hapo ndipo nitakubali kusikia lawama za wino.

Kuna kingine cha haraka zaidi: pasha moto sehemu yenye unga kwa mashine ya kukaushia nywele hadi iwe moto usioweza kuishika. Unga wa nta, na mara nyingi wa viharakishi pia, hurudi ndani ukapotea, halafu ukipoa unarudi tena. Ukibaki palepale bila kubadilika, huenda ni talki au zinki stearati iliyopakwa kwa nje.

#3 Wino_Mzito

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila wino nao usiachwe hivihivi bila kukaguliwa. Weka tone la maji juu ya hosi. Likisimama duara kama juu ya jani la gimbi, ngozi haipendi kulowana. EPDM safi kabisa ina nguvu ya uso ya karibu 30 mN/m, na wino mwingi unataka 38 kwenda juu. Kalamu za kupimia zipo, zinauzwa kwa namba: unachora mstari, ukikaa sekunde 2 bila kujikusanya kuwa vidone, uso umefika namba hiyo. Kama uko chini, dawa ni kuupiga uso kwa plazma au korona (aina za umeme wa hewani) au moto wa gesi kabla ya printa, na uchape ndani ya dakika chache kwa sababu nguvu hiyo hushuka tena. Lakini plazma haizuii unga. Utachapa vizuri sana, na siku ya nne utakuwa ulipoanzia.

Sasa wino mweupe wenyewe. Weupe wake ni titani dioksaidi, ambayo uzito wake ni zaidi ya mara 4 ya maji, na inaelea ndani ya MEK ambayo ni nyepesi kuliko maji. Ukiacha chupa kwenye shelfu wiki mbili, rangi yote imelala chini. Opereta akimimina bila kutikisa, anaingiza kimiminika chepesi chenye gundi bila rangi, na mabaki ya chini yanaenda kuziba filta. Zungusha chupa juu ya rola au itikise kwa mkono dakika kamili, kisha igeuze uangalie kitako chake. Pakionekana bamba jeupe, endelea kutikisa.

Na tafadhali printa izimwe kwa kitufe chake, isubiriwe imalize kusafisha nozo. Anayezima kwenye swichi ya ukutani kwa sababu basi la wafanyakazi linaondoka anaacha wino ukauke ndani ya tundu la mikroni 60. Asubuhi tone linatoka likiwa limepinda, linakosa mfereji wa kurudishia, na kila mtu anasema printa mbovu.

#4 Ekstruda_Mbili

Asanteni sana. Vipande 6 nimeshavitenga, nitaleta majibu ya siku 4. Na hili la vipande visivyo na chapa? Sensa ni jicho la kawaida, linatuma mwanga na kusubiri urudi.

#5 Wino_Mzito

Hapo hapo ndipo ilipo. Mpira mweusi unameza mwanga. Jicho la aina hiyo huona karatasi kwa mita nzima lakini hosi nyeusi hulikwepa, na hosi ikiwa imesogea upande wa pili wa konveya kwa sentimita 2 ndiyo haionekani kabisa. Ukiongeza unyeti wake, linaanza kuona vumbi na mkanda wa konveya. Badilisha uweke jicho la pande mbili, moja linatuma na jingine linapokea, hosi ikate mwanga katikati. Hapo weusi unakuwa faida. Liweke sentimita 10 hivi kabla ya kichwa cha printa, na lisiwe chini ambako maji na vumbi la kukatia vinaangukia lenzi.

Herufi kubanana na kutanuka ni enkoda, kile kifaa cha gurudumu kinachoiambia printa mwendo. Nina uhakika gurudumu lake linakanyaga mkanda wa konveya, na hosi inateleza juu ya mkanda. Printa inahesabu mwendo wa mkanda badala ya mwendo wa hosi. Weka reli mbili za pembeni na rola ya sponji inayokandamiza hosi kwa juu, ama enkoda ipande juu ya hosi yenyewe. Hesabu ni nyepesi: gurudumu la mzingo wa 200 mm lenye pigo 1000 kwa mzunguko linatoa pigo 5 kwa milimita. Ukichapa mstari mmoja wa nukta kila pigo 2, nafasi ni 0.4 mm. Herufi ya nukta 5 kwa 7 pamoja na pengo lake inachukua mistari 6, yaani 2.4 mm. Maandishi ya herufi 30 yatakuwa 72 mm. Pima kwa rula. Ukipata 68 au 77 na inabadilika kila kipande, kuna kuteleza. Ukipata 75 kila mara, hilo ni la kurekebisha kwenye mpangilio tu.

Umbali wa kichwa na hosi uwe kama 12 mm. Hosi ya duara iliyopinda kidogo ikienda mbali hadi 25 mm, matone yanatawanyika na herufi inakuwa ndefu yenye miguu iliyovunjika.

#6 Chapa_Leza

Mnamzungusha kaka wa watu. Anunue leza ya CO2, aachane na wino, thina, filta na harufu. Alama inachimbwa ndani ya mpira, unga upande usipande, haifutiki.

#7 Dada_wa_Maabara

Haifutiki, sawa, ila itasomeka? Leza ya CO2 kwenye mpira mweusi inatoa shimo jeusi juu ya weusi. Mtu ataliona akiinamisha hosi kwenye mwanga, lakini mteja anayetaka kusoma kwa macho akiwa amesimama rafu ya tatu hataliona. Leza inafaa sana pale msomaji ni kamera: weka taa ya pembeni iliyolala karibu na uso, kingo za shimo zitupe kivuli, na msimbo wa mraba wa Data Matrix utasomeka. Seli za 0.5 mm kwenda juu, pembeni uache ukingo mtupu wa angalau seli moja, na usipige msimbo kwenye mgongo wa hosi nyembamba ambako mraba unageuka pipa.

Baada ya leza kupita hubaki masizi laini. Usipoyapiga brashi yenye kinyonya hewa, mkono wa kwanza utakaoishika hosi utayapaka juu ya seli zote. Lenzi nayo huvaa moshi. Alama zikianza kufifia kidogo kidogo kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, futa lenzi kwanza kabla ya kuongeza nguvu.

Halafu kuna la usalama ambalo wauzaji hulipita haraka. EPDM haina klorini, kwa hiyo moshi wake ni wa salfa na hidrokaboni, unataka kinyonyaji chenye filta ya kaboni karibu na alama. Lakini siku mtakayopitisha kloropreni kwenye laini hiyohiyo, leza inatoa asidi ya kloridi inayokula mapafu na chuma cha mashine. Mpira wa florini, ule wa oringi za injini, unatoa haidrojeni floraidi. Huo usiupige leza kabisa kama hamna mfumo uliotengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu kina: 0.1 hadi 0.2 mm inatosha. Kwenye mpira wa asili au NBR kila mkato ni mlango wa ozoni, mpira ukikunjwa ufa unaanzia pale. EPDM inastahimili ozoni, ila nako usichimbe karibu na mahali klipu inapobana.

#8 Kalibu_24

Naomba nichomeke la upande wa presi, maana wengi wanaosoma hapa wanatengeneza bushi na gasketi, si hosi. Kwenu nyinyi wino ni wa mwisho kabisa. Chonga kalibu, yaani chuma cha kuumbia bidhaa.

Herufi ichongwe kinyumenyume ndani ya chuma, bidhaa itoke na herufi zilizoinuka. Kina 0.3 mm kinatosha kwa herufi ya urefu wa 3 mm. Kuta za herufi ziwe zimelala kidogo na pembe za chini ziwe za mviringo, la sivyo mpira unabaki ndani na herufi za bidhaa zinatoka zimekatika. Herufi ikikatika mahali palepale kila mara, kwa mfano ncha ya juu ya A, ni hewa imenasa. Chora njia ndogo ya hewa au badilisha mahali mpira unapoingilia. Ikikatika kwa kuhamahama, ni uchafu.

Kalibu ya matundu 24 iwe na namba 1 hadi 24, kila tundu lake. Bila namba, wakaguzi wakikuta bushi yenye mpasuko watasimamisha presi nzima. Wakiwa na namba wanaziba tundu la 17 na kazi inaendelea. Sijui kwa nini viwanda vingi vidogo huona hili kama mapambo.

Namba isiwekwe kwenye uso unaoziba mafuta, wala kwenye mdomo wa oili sili, hata kama kuchonga hapo ni rahisi. Mafuta yatafuata mfereji wa herufi.

Tarehe ndiyo ngumu. Wenzetu wa plastiki wana kile kipande cha saa chenye mshale kinachozungushwa kwa bisibisi. Kwenye mpira usikitegemee, mpira ukiwa moto ni mwepesi kuingia nyufa, utaingia pembeni mwa mshale, utapikwa humo, na mwezi ujao mshale haugeuki. Kibandiko chembamba cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili kinabadilishwa dakika 5 na hakileti tabu.

Na kalibu ikisafishwa kwa kupuliziwa shanga za kioo kila wiki, herufi zinalika kingo. Barafu kavu ni mpole zaidi.

#9 Mpita_Njia

Samahanini kuingilia uzi wa wenyewe. Hivi zile nukta nyekundu na njano kwenye tairi jipya, pamoja na mistari ya rangi juu ya kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara), nazo ni mambo hayahaya? Mafundi wa mtaani kila mmoja ana maelezo yake.

#10 Dada_wa_Maabara

Ni hayahaya. Mistari ya juu ya kashata inawekwa mpira ukiwa mbichi, mara tu ukanda wa kashata unapotoka ekstruda. Rangi zake na nafasi zake zinamwambia mjenzi wa tairi hii ni kompaundi gani na saizi gani, maana kanda zote zikipoa zinafanana. Kwa mtumiaji haina maana yoyote, inaisha barabarani mapema.

Nukta zinawekwa mwishoni, baada ya mashine za kupima. Njano inaonyesha mahali tairi ni jepesi, hiyo unailinganisha na valvu. Nyekundu ni mahali tairi linasukuma kwa nguvu zaidi linapozunguka. Inalinganishwa na alama ya mahali rimu iko chini, kama rimu inayo.

Tarehe ni tarakimu 4 za mwisho wa kodi ya DOT: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Zinatoka kwenye kibandiko cha chuma ndani ya kalibu, kama alivyoeleza Kalibu_24, kinabadilishwa kila wiki. Tairi za kabla ya 2000 zilikuwa na tarakimu 3, na hizo hazifai kubebea hata kuni.

Ile lebo ya msimbo pau karibu na mdomo wa tairi hubandikwa tairi likiwa bichi na kupikwa nalo. Gundi yake inaungana na mpira. Ikibandikwa juu ya mahali palipopuliziwa dawa ya kuzuia kunata kwenye kalibu, inabanduka. Kwa hiyo lebo kwanza, dawa baadaye, na mahali pa lebo pafunikwe.

#11 Nozo_ya_Limuru

Boss wa uzi, hiyo ya tarehe mbili hakuna amekujibu. Printa inabadilisha siku saa sita usiku kamili kama haujaiambia vingine. Shifti ya kuingia saa nne usiku inavuka katikati, bechi inagawanyika. Kwenye mpangilio wa printa tafuta saa ya kugeuza siku, weka mwanzo wa siku yenu ya uzalishaji. Kama siku yenu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, andika 06:00. Nasisitiza 06:00, kwa sababu printa haijui saa ya Kiswahili na mtu akiandika 12:00 tarehe itabadilika mchana katikati ya shifti, na itakuwa mbaya kuliko mlivyoanza.

Ningeacha pia tarehe ndefu. Tumia tarakimu ya mwisho ya mwaka na namba ya siku: 5129 ni siku ya 129 ya 2025, yaani 9 Mei. Bandika kalenda ya namba za siku ukutani, kwa sababu mwaka mrefu kama 2024 siku ya 129 ni 8 Mei. Ongeza laini na shifti, 5129-2B, inatosha. Herufi O na I zisitumike kwenye kodi, na B ukiona kwenye nukta 5 kwa 7 inafanana na 8, ipe shifti herufi nyingine, kwa mfano A, C, K.

#12 Ekstruda_Mbili

Majibu ya vipande 6.

Saa 24: nusu iliyofutwa, utepe umetoka safi vipande vyote. Isiyofutwa, vidoa vidogo kwenye vipande 2. Siku ya 4: zote mbili zinatoka kwa utepe, iliyofutwa inatoka kidogo tu pungufu. Moto wa mashine ya nywele: ukungu umepotea, asubuhi yake umerudi.

Jicho la pande mbili limefungwa, vipande 400 vimepita, hakuna kilichokosa chapa. Urefu wa maandishi sasa ni 72 na 73. Saa ya kugeuza siku ilikuwa 00:00.

Kompaundi, kwa sehemu 100 za EPDM: salfa 1.8, TMTD 1.5, ZDMC 1.0, MBT 0.8, asidi ya steariki 2, zinki oksaidi 5.

#13 Salfa_na_Kaboni

TMTD 1.5 na ZDMC 1.0 pamoja kwenye EPDM! Aliyeandika alitaka ipikike haraka na akaipata haraka. TMTD ikipita 0.8 hivi kwenye EPDM anza kuishuku, na ZDMC, kiharakishi kingine, ni ya familia hiyo ya mikia mifupi isiyopenda kukaa ndani.

Siri ni kutumia viharakishi vingi kwa kiasi kidogo kidogo, kila kimoja kibaki chini ya kikomo chake. Anza na jaribio la bechi ndogo: TMTD 0.5, ZDMC uitoe, uweke ZDBC 1.5 ambayo mikia yake mirefu ya butili inaifanya iyeyuke vizuri zaidi, MBT (nayo ni kiharakishi) ipande hadi 1.2, salfa ishuke 1.5, asidi ya steariki 1. Ikibaki polepole, ongeza kiharakishi cha aina ya thiofosfati, hicho kwenye EPDM hakitoi unga kirahisi. Pitisha kwenye reomita, mashine ya kupima jinsi mpira unavyoiva. Usiangalie tc90 (muda wa kuiva asilimia 90) peke yake, angalia na ts2 (muda kabla haijaanza kuiva), isije ikaanza kuiva ndani ya ekstruda. Angalia pia mgandamizo wa kudumu (mpira ukibanwa unabaki umebonyea kiasi gani), maana kupunguza salfa na kubadilisha viharakishi kunaugusa, na hosi ya rejeta inaishi chini ya klipu.

Usisubiri mwezi kujua kama unga umeisha. Vipande 3 viweke kwenye friji nyuzi 5, vitatu kwenye kabati. Baridi inapunguza kiasi ambacho mpira unaweza kushika. Ndiyo maana stoo za nyanda za juu hulalamika Julai wakati wa Tanga wanasema hosi ni safi. Wiki moja friji, wiki moja kabatini, kisha chapa na utepe kwa vyote sita.

#14 Ekstruda_Mbili

Mkuu nimeshika. Bechi ndogo inaingia wiki hii. Tatizo lililobaki ni hosi zilizoko stoo, na kompaundi mpya ikichelewa kukubaliwa na mteja tutachapa vipi kwa sasa?

#15 Salfa_na_Kaboni

Zilizoko stoo usizichape upya. Ukifuta unga leo kesho unapanda mwingine, na chapa mbili zilizofutika nusu nusu ni mbaya kuliko moja. Zifunge mafungu ya 10, lebo ya karatasi ya plastiki izungushwe kwenye fungu ijibandike yenyewe kwa yenyewe, gundi isiguse hosi.

#16 Kitambaa_cha_Nailoni

Na kwa zinazotoka sasa hivi, ondoeni chapa kwenye konveya, ipelekeni kabla ya otoklevu. Hosi ikiwa mbichi, kabla ya kuzungushiwa kitambaa, laza utepe wa poliesta wenye herufi zilizokandamizwa kinyume, urefu wote wa hosi. Kitambaa kinaukaza, mvuke unapika, ukivua kitambaa na kung'oa utepe herufi zimeinuka juu ya mpira wenyewe, weusi kwa weusi lakini hata kidole kinazisoma. Hakuna wino wa kusukumwa.

Mkitaka rangi, kuna wino unaopikika, msingi wake ni mpira. Wino wa kawaida wa MEK usiujaribu hapo. Mvuke wa bar 6 ni nyuzi 165, na maji yanayoganda juu ya hosi mwanzoni mwa mzunguko yatausogeza wote uende kwenye kitambaa.

Mambo mawili yanayoharibu utepe. Fundi akiuweka juu ya hosi yenye talki nyingi, talki inajaa ndani ya herufi na zinatoka butu. Ipulizieni hosi hewa kwanza. Na kitambaa kikizungushwa kwa mkazo usio sawa, utepe unahama na maandishi yanakwenda kwa mzunguko kama nyoka. Kazeni breki ya rola ya kitambaa, mwangalie hosi tano za kwanza. Utepe huohuo unarudiwa, ila ukiona matundu ya R na A yameanza kuziba, tupa.

Hautaingiza tarehe ya kila siku kwenye utepe, hilo ndilo pungufu lake. Weka jina, ukubwa na kodi ya kompaundi kwenye utepe. Tarehe na shifti, 5129-2C, zibaki kwenye lebo ya fungu mpaka kompaundi mpya ipite.

#17 Ekstruda_Mbili

Utepe unauzwa kwa upana gani? Hosi ni ya 32 mm.

#18 Kitambaa_cha_Nailoni

Chukua wa 12 mm, herufi za 6. Wa 20 unakunjamana pembeni kwenye mviringo huo na mikunjo inabaki kwenye mpira kama makovu.